Msiandike "hali nzuri" kabla ya kugusa vidole

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mzazi aliyeandika hapa kuhusu mwanawe. Mtoto aliingia hospitali na mkono uliovunjika kiwikoni, akatoka na vidole vilivyokunjamana ambavyo mpaka leo havifunguki. Mzazi ameuliza mambo mawili. Mkono umevunjika kwenye kiwiko, iweje vidole ndivyo vilemae? Na daktari alikuwa wapi?

Swali la kwanza lina jibu, na nitalijibu kwa kirefu kwa sababu wazazi wengine watalihitaji. La pili namwomba aniruhusu nilisogeze. Kwa jinsi alivyousimulia usiku ule, mtu aliyekuwa karibu na kitanda cha mtoto tangu saa mbili usiku mpaka kunakucha alikuwa muuguzi. Mimi ni muuguzi mkunga. Nimeshastaafu, lakini sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanya katika wodi za mifupa, nikiwahudumia wagonjwa na kuwasimamia wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi. Ninachokisema kinaihusu taaluma yangu mwenyewe, taaluma ninayoipenda.

Huku kwetu Morogoro, kila aliyefanya kazi wodi ya mifupa anajua maana ya msimu wa maembe. Watoto wanaletwa kutoka Mkuyuni, Matombo, Mlali, wamepakatwa kwenye bodaboda, mkono umefungwa kwa khanga ya mama. Wengi wana umri wa miaka mitano hadi minane hivi. Mtoto anapoteleza mtini hunyoosha mkono ili ajizuie, na uzito wote unaishia kwenye mfupa wa juu wa mkono, mahali pembamba juu kidogo ya kiwiko. Pale ndipo unapovunjika. Sasa mbele ya mahali hapohapo unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mkono wote wa chini mpaka kwenye kucha, na karibu yake imepita mishipa ya fahamu. Mfupa ukisogea, ncha yake inaweza kuisukuma, kuibana au kuichana.

Hiyo ni hatari ya kwanza. Ya pili huja polepole, baada ya watu kudhani kazi imekwisha. Misuli ya mkono wa chini imefungwa ndani ya vifuko vya utando mgumu usiovutika. Mkono ukivunjika, damu na majimaji humwagika ndani ya vifuko hivyo na misuli huvimba. Ukiongeza plasta nje, ile tunayoiita hogo, iliyozungushwa pande zote mapema kabla uvimbe haujafika kilele, umeziba njia ya mwisho ya kutanuka. Ni sawa na maharage yaliyolowekwa ndani ya chupa iliyofungwa kizibo. Mgandamizo unapanda, vijishipa vidogo vya damu vinabanwa, misuli na mishipa ya fahamu inakosa hewa na chakula. Misuli iliyokaa hivyo kwa takribani saa sita huanza kufa, na msuli uliokufa haurudi. Badala yake hubaki kovu, na kovu hujikunja. Misuli inayokunja vidole iko huku juu, kwenye mkono wa chini, karibu na kiwiko. Inaendesha vidole kwa kano ndefu zinazopita kifundo cha mkono. Ndiyo maana, ndugu yangu mzazi, mfupa ulivunjika kiwikoni na vidole vikalemaa. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann aliueleza ulemavu huu mwaka 1881, na mpaka leo vitabu vinauita kwa jina lake.

Tangu 1881 tunajua. Sasa turudi kwenye kitanda.

Kuna kitu kimoja ambacho kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu nilimwambia mpaka akachoka: mapigo ya damu yakisikika kwenye kifundo cha mkono, usitulie. Mgandamizo unaoua misuli ni mdogo kuliko nguvu ya damu inayopita kwenye mshipa mkubwa. Kwa hiyo misuli inaweza kuwa inakufa ndani, na wewe umeweka vidole vyako pale unahesabu mapigo mazuri kabisa. Mapigo yakipotea, na mkono ukishakuwa wa baridi na umepooza, mara nyingi umeshachelewa.

Kinachotangulia ni maumivu. Siyo yale ya kawaida ya kuvunjika, ambayo yakishafungwa vizuri na mgonjwa akipata dawa hupungua. Haya yanaongezeka. Dawa ya saa tatu haikusaidia, ya saa saba usiku haikusaidia, na mgonjwa anaomba nyingine. Mtoto mdogo hawezi kukuelezea. Yeye hulia, hatulii, humpiga teke mama yake, hakubali kubembelezwa. Na kuna jaribio moja ambalo halihitaji kifaa chochote. Shika ncha za vidole vyake taratibu, uvinyooshe wewe mwenyewe, yeye asifanye kitu. Akiruka kwa maumivu makali huku juu kwenye mkono, amka uende kumwita daktari. Usisubiri asubuhi. Kwa mguu, fanya hivyohivyo kwa vidole vya mguu, uvipeleke juu na chini.

Nakumbuka mtoto mmoja aliyeletwa jioni. Alirekebishwa mfupa, akafungwa plasta, akalala kwa dawa. Msichana aliyekuwa zamu ya usiku alikuwa mgeni katika kazi, hana hata mwaka. Mtoto alipoamka akawa analia kilio ambacho mama yake alikiita kiburi, akamtisha kwamba sista atamchoma sindano. Yule binti alimwomba mama anyamaze, akawasha tochi ya simu, akavinyoosha vidole. Mtoto alipiga ukelele uliowaamsha wodi nzima. Binti akampigia daktari wa zamu, akaambiwa amwongezee dawa ya maumivu. Akapiga tena. Akaniambia asubuhi kwamba mara ya pili sauti ilikuwa inamtetemeka, lakini alisema maneno manne tu: "Vidole havinyooshiki, njoo uone." Daktari akaja. Wakaipasua plasta kwa urefu wake wote, na pamba ya ndani nayo, na bandeji iliyogusana na ngozi nayo, mpaka ngozi ikaonekana. Hapo wengi hukosea: wanapasua plasta wanaacha bandeji, na bandeji iliyoloa damu ikakauka hubana vilevile. Mtoto alilala kabla hawajamaliza kukusanya vipande. Mkono wake ulipona, aliuinua kunipungia siku ya kutoka.

Nimeliona pia faili la upande wa pili. Kijana wa bodaboda, amevunjika mfupa wa ugoko, alihamishiwa kwetu kutoka hospitali ambayo sitaitaja. Alifika mguu umeshakuwa mweusi kwenye vidole, hausikii hata ukiuchoma. Nilifungua karatasi za wauguzi. Saa mbili usiku: hali nzuri. Saa sita: hali nzuri, analalamika maumivu, amepewa dawa. Saa kumi: hali nzuri, amepewa dawa. Saa kumi na mbili: hali nzuri. Mguu huo ulikatwa juu ya goti. Niliyasoma maandishi yale mara nyingi, nikitafuta neno moja tu lenye kuonesha kwamba kuna mkono wa mtu uliogusa kidole cha yule kijana. Halikuwepo. Mapigo ya moyo yaliandikwa, joto la mwili limeandikwa, presha imeandikwa. Mguu uliomleta hospitali haukuandikwa.

Hapa ndipo ninapotaka kusema nilichokusudia. Kuchunguza mifupa, viungo na misuli ni kazi ya muuguzi. Tumejenga mazoea ya kudhani ni kazi ya daktari, au ni kazi ya eksirei. Picha ya eksirei inaonesha mfupa. Haioneshi kama damu inapita, kama ganzi imeanza, kama msuli umekaza. Na ilipigwa jana saa kumi jioni. Anayemwona mgonjwa saa nane usiku ni muuguzi, na ana vyote anavyohitaji: macho, mikono, masikio, na mguu wa pili wa mgonjwa wa kulinganishia.

Ule mguu wa pili, wanangu mlioko kazini, ndio kitabu chenu. Anzeni daima na upande mzima. Mgonjwa atatulia, ataelewa mnachomtaka afanye, na ninyi mtajua kipi ni cha kawaida kwake. Kuna mzee ambaye goti halikunjiki tangu alipougua utotoni. Usipouliza na kulinganisha utaandika ugonjwa mpya. Funueni pande zote mbili, kwa heshima, mkivuta pazia. Tazameni kwanza kabla ya kugusa: umbo, uvimbe, rangi, kovu, msuli uliokonda, namna mgonjwa alivyoulaza mkono wake. Kisha gusa kwa mgongo wa kiganja chako, shuka kutoka juu kwenda chini, usikie joto linapobadilika. Kisha mwachie mgonjwa asogeze mwenyewe kabla hujamsogeza wewe. Mpangilio huu si mapambo. Ukianza kwa kuvuta kiungo kinachouma, hutapata tena ushirikiano wa mgonjwa huyo.

Vitabu vingi tulivyosomea vilitungwa na watu wanaohudumia ngozi nyeupe. Vinasema tazama kama kiungo kimepauka au kimekuwa cha bluu. Kwenye ngozi yetu weupe huo hauonekani kirahisi mgongoni mwa mkono. Tazama kitako cha kucha, tazama kiganja, tazama unyayo. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Na kama ni bibi harusi aliyepata ajali na hina mpaka kwenye vifundo, au binti aliyepaka rangi ya kucha, usikate tamaa wala usiandike "haionekani". Rangi ya kucha inafutika, na kwa mwenye hina bonyeza nyama ya ncha ya kidole upande ambao haikushika sana, ulinganishe na mkono mwingine. Joto nalo halifichwi na hina.

Kuhusu mishipa ya fahamu, watu huogopa wakidhani ni somo la mabingwa. Mtoto wa miaka mitano nampima kwa mchezo. Namwambia "nipe dole": akiinua gumba, mshipa unaopita nyuma ya mfupa wa juu wa mkono unafanya kazi. "Nifanyie pete" kwa gumba na kidole cha shahada: mshipa wa kati uko salama, na huu ndio unaoumia mara nyingi kwenye kuvunjika kule juu ya kiwiko. "Tanua vidole vyote" nami nivibane kidogo: huo ni mshipa unaopita nyuma ya kiwiko, ule unaotupa shoti tukijigonga. Kisha nagusa kwa pamba mahali patatu, akiwa amefumba macho: mgongo wa mkono kati ya gumba na shahada, ncha ya kidole cha shahada, ncha ya kidole kidogo. Anisemee panafanana na mkono mwingine au la. Mtoto anacheka, mama anacheka, na mimi nimeshapata mambo sita ya kuandika.

Mguuni ni rahisi zaidi. Avute wayo kuelekea usoni, kisha aukandamize chini kama anayebana breki. Gusa katikati ya kidole gumba na kinachofuata, gusa unyayo. Upande wa nje wa goti, chini kidogo, kuna mshipa wa fahamu uliopita juujuu kabisa ya mfupa. Ukingo wa plasta ukiukandamiza, au mgonjwa aliyevutiwa mguu kwa mizigo akilala mguu umegeukia nje usiku kucha, wayo unaanguka na hauinuki tena. Kijitaulo kilichokunjwa na kuwekwa mahali panapostahili kinazuia hilo. Anayejua pa kukiweka ni yule aliyepapasa.

Nguvu ya msuli ina alama zake, 0 mpaka 5, na ni zilezile dunia nzima. Sifuri hakuna kitu. Moja, msuli unacheza chini ya kidole chako ila kiungo hakiendi. Mbili, kinasogea kikiwa kimelazwa kitandani. Tatu, anaweza kukiinua dhidi ya uzito wake mwenyewe. Nne, anainua na kushindana nawe kidogo. Tano, nguvu kamili. Nauliza: kati ya "mguu hauna nguvu" na "kuinua wayo kulia 2, kushoto 5", kipi kitamsaidia daktari atakayesoma asubuhi kujua kama mgonjwa amerudi nyuma? Wengi wanaandika ile ya kwanza kwa sababu hakuna aliyewadai ya pili.

Naandika haya nikijua hali halisi ya wodi. Usiku muuguzi mmoja, wagonjwa wamejaa vitandani na wengine magodoro chini, ajali ya basi barabara ya Dodoma imeleta watu kwa mkupuo. Nimeziishi hizo zamu. Hata hivyo mkono mmoja, kwa aliyezoea, haumalizi dakika mbili, na wanaohitaji kuangaliwa kila saa si wodi nzima. Ni wale waliofungwa plasta au kufanyiwa upasuaji ndani ya saa 24, waliobondwa mguu na gari, na wale ambao dawa ya maumivu haifanyi kazi. Baada ya hapo, kama hali imetulia, kila saa nne inatosha. Huo ndio utaratibu niliofundishwa na kuufundisha. Wagonjwa hao wakilazwa karibu na meza ya muuguzi, kazi inawezekana.

Jambo jingine dogo lenye uzito: mto. Kiungo kilichovimba tunakiinua juu ya mito, na ni sahihi. Lakini ukishashuku mgandamizo ndani ya misuli, shusha mkono au mguu uwe usawa wa moyo. Ukiuinua juu zaidi unapunguza damu inayofika mahali ambapo tayari damu ni haba. Nimeona wauguzi wazuri, wenye nia njema, wanaongeza mto wa tatu wakati ulipaswa kuondolewa hata wa kwanza.

Sitaki msomaji adhani nasema habari za plasta pekee. Bibi aliyeteleza bafuni na hawezi kusimama, kabla ya picha yoyote, mtazame miguu alivyolala: ukiona mmoja umekuwa mfupi na wayo umegeukia nje, nyonga imevunjika karibu kwa hakika, usimwinue kumpeleka chooni. Muulize kama alipata kizunguzungu kwanza ndipo akaanguka, kwa maana kilichomwangusha bado kiko naye. Mtu anayekunywa vidonge vya maumivu ya mgongo miezi na miezi, anakonda, anatoka jasho usiku, mvue shati upitishe vidole kwenye uti wa mgongo pingili kwa pingili; ukikuta moja imetokeza nje, mwelekeze akapimwe kifua kikuu cha mifupa kabla miguu haijapooza. Percivall Pott wa London aliandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1779, na bado unatibika kwa dawa zile ambazo nchi inazitoa bure.

Na mkunga, kabla hujamfunga mtoto mchanga khanga, nyoosha miguu yake uitazame nyayo. Miguu iliyogeukia ndani inayokataa kunyooka ni ulemavu wa kuzaliwa nao unaoitwa mguu kifundo, na hutokea takribani kwa mtoto mmoja katika kila elfu. Akianzishiwa mapema njia ya daktari Ignacio Ponseti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, plasta hubadilishwa kila wiki, tano mpaka saba hivi, mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo, kisha anavaa viatu vyenye chuma cha katikati, mwishowe usiku tu mpaka afikishe miaka minne. Atatembea na kucheza mpira. Hakuna mashine inayohitajika kuligundua hilo siku ya kwanza. Inasikitisha sana kumpokea mtoto wa miaka mitano anayekanyagia mgongo wa wayo, na kadi ya kliniki ya mama imeandikwa kwamba mtoto alizaliwa salama, hana tatizo.

Wasomaji watauliza kuhusu waganga wa kuunga mifupa vijijini. Nimewaona baadhi wenye mikono mipole na wanaojua kupapasa kuliko wengi wetu, na naamini watu wanawakimbilia kwa sababu kule mgonjwa anashikwa na kusikilizwa. Balaa lao ni lilelile la plasta: vijiti vya mianzi vilivyokazwa kwa kamba, na mgonjwa akilia anaambiwa avumilie, dawa inafanya kazi. Mtoto anapofika kwetu kidole kimekauka. Ningependa waganga wakuu wa wilaya, yaani madaktari wa serikali, wawaite, wawaoneshe jaribio lile la kunyoosha vidole, wawaambie ni saa ipi ya kulegeza kamba na kumleta mtu. Kuwafukuza hakujaokoa mkono wa mtoto yeyote ninayemjua.

Ninachowaomba wenye mamlaka hakihitaji bajeti kubwa. Karatasi ya uangalizi wa muuguzi iwekewe safu ya kiungo kilichoumia, pembeni ya joto na presha: maumivu kutoka 0 hadi 10, maumivu vidole vikinyooshwa, rangi, joto, kurudi kwa rangi ya ukucha, ganzi, kusogea, mapigo, kulia na kushoto. Safu hiyo ikiwa tupu, muuguzi kiongozi aione asubuhi na aulize. Kukabidhiana zamu kufanyike kando ya kitanda, anayetoka na anayeingia wote wawili wavishike vidole vya mgonjwa, ili kesho mtu asiseme "nilimkuta hivyo". Na Baraza la Uuguzi na Ukunga, pamoja na vyuo vyetu, wahakikishe mwanafunzi hapati cheti kwa kuorodhesha dalili hizi kwenye mtihani wa kuandika tu. Awekwe mbele ya mgonjwa, apapase, alinganishe, aandike, nasi tutazame mikono yake.

Madaktari nao nawaomba hili: muuguzi akikupigia simu saa tisa usiku kuhusu vidole, inuka. Wewe humwoni mtoto. Yeye anamwona.

Kwako mzazi uliyeandika. Vidole vya mwanao havijafika mwisho wa njia. Mtafutie kliniki ya mifupa yenye mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwenye hospitali ya kanda au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Kuna mazoezi, vifaa vya kunyooshea usiku, na upasuaji wa kurefusha au kuhamisha kano. Mkono hautakuwa kama wa mwanzo, sitakudanganya, lakini mtoto anayekua anaweza kurudishiwa mengi, na kila mwezi unaopita bila mazoezi unakaza zaidi.

Mwisho, Mhariri, nakuomba ukipata nafasi uyachape maneno haya yanayofuata peke yake ndani ya kisanduku, kwa herufi kubwa, watu wayakate na kuyabandika ukutani:

Ukimpeleka mtu aliyevunjika mkono au mguu, mvue mara moja pete, bangili, shanga na kamba zote za upande ulioumia. Akifungwa plasta, muulize muuguzi akuoneshe jinsi ya kupima vidole, na usiku wa kwanza mpime kila saa hata kama amelala. Mrudishe hospitali saa hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki, endapo maumivu yanazidi badala ya kupungua, vidole vinauma vikinyooshwa, vimekufa ganzi au vinachomachoma, vimekuwa baridi kuliko vya upande wa pili, haviwezi kusogea, au plasta inatoa harufu au imeloa kutokea ndani. Usichomeke kijiti wala spoku ndani ya plasta kujikunia. Ukiambiwa hospitalini kwamba maumivu ni ya kawaida na wewe unaona yanazidi, sema hivi bila kuogopa: "Naomba umnyooshe vidole mbele yangu."

Wako katika huduma,
Muuguzi mkunga mstaafu,
Kihonda, Morogoro.